AC ya ukubwa gani kwa nyumba yenye mtoto?

Swali linalojirudia sana inboksi ni hili: "Nesi, tumemaliza nyumba, mchana bati linachoma, mtoto anatoka jasho. Tununue AC ya ngapi?"

Jibu langu baadhi yenu hamtalipenda. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu Karagwe na Kyerwa, ukubwa sahihi wa AC ni sifuri. Usinunue.

Sio kwamba nawabania maendeleo. Angalia tu tunapoishi. Sehemu kubwa ya vilima vyetu iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ukishuka bondeni kuelekea mto Kagera joto linaongezeka, sawa, lakini hata huko ikifika usiku unatafuta blanketi. Joto lako ni la saa chache za mchana, na linatoka juu, kwenye bati. Dawa yake ni kupiga silingi bodi, kuacha matundu ya hewa juu ya ukuta, na kuweka madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite. Hiyo unalipia mara moja. AC unailipia kila ukinunua umeme.

Hebu tupige hesabu. AC ndogo ya BTU 9,000, tuseme inakula uniti 5 kwa usiku. Siku 15 tu umefika uniti 75, na ukivuka hapo kwa mwezi unatoka kwenye ile bei nafuu ya TANESCO ya wateja wadogo. Hiyo hela ingekuwa mayai na maziwa ya mtoto.

Na kwa kichanga wa huku, adui mkubwa ni baridi. Joto lake la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Hana mafuta mengi mwilini, kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo anapoa haraka kuliko wewe. Mvalishe kofia, muweke kifuani ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe. Usimuogeshe kabla ya saa 24 tangu azaliwe.

Ila jamani, jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala! Najua Juni na Julai wengi mnaliingiza, mnafunga na dirisha. Mkaa unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mnalala na joto zuri, asubuhi hamuamki.

Sasa, wale mlioolewa Dar au Tanga, na nyie mnaokwenda kumuuguza binti aliyejifungua huko Dar. Pale kuna joto na unyevu, AC ina kazi. Lakini msinunue kwa kusikia "kubwa ndio nzuri". Pima chumba: urefu mara upana, kisha zidisha kwa 600. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 ni mita za mraba 14, hesabu inakuja 8,400, basi chukua BTU 9,000. Cha mita 4 kwa 5 kinataka 12,000. Kama jua la jioni linapiga ukutani au hakuna silingi, panda hatua moja.

Ikiwa ndogo mno, itanguruma usiku kucha na chumba hakipoi. Ikiwa kubwa mno, inapoza haraka na kuzima kabla haijatoa unyevu hewani. Chumba kinakuwa cha baridi lakini mwili unanata, na mtoto anapigwa baridi na joto kwa zamu. Weka nyuzi 25 au 26, upepo usielekee kitandani, safisha chujio mara kwa mara. Na chandarua kinabaki palepale, AC haizuii malaria.

Popote ulipo, kipimo cha kwanza ni mkono wako. Mguse mtoto kifuani au nyuma ya shingo, sio vidole, maana vidole hupoa hata akiwa mzima. Akiwa na jasho, mpunguzie nguo. Akiwa wa baridi, muweke kifuani kwako. Kama ana chini ya miezi miwili na ana joto la 37.5 au zaidi, au amepoa na hanyonyi vizuri, usisubiri asubuhi. Nenda kituo cha afya.

Kwa hiyo dada yangu, kabla hujalipia AC, inua macho juu. Ukiona bati tupu, anzia hapo. Na mtumie ujumbe huu shoga yako anayejenga, kabla fundi hajafunga kenchi.