Rudisheni karatasi za watoto

Mapema mwaka huu tuliingia ofisi moja mjini Njombe kufuatilia jambo lingine kabisa. Tukiwa kwenye benchi tukisubiri kuitwa, tukaona juu ya kabati furushi la karatasi za manila, limefungwa kwa kamba ya katani na vumbi limeshakaa. Ya juu kabisa ilikuwa picha ya shamba la viazi la bondeni, kinyungu kama tunavyoita huku kwetu, asubuhi na mapema. Mtoto aliyeichora hakuwa na rangi yoyote zaidi ya penseli na kipande cha mkaa. Alipaka mkaa ardhi nzima, akaacha karatasi wazi pale tu sakitu ilipolalia majani ya viazi. Mama ameinama, kanga imefungwa juu ya sweta, mvuke unamtoka mdomoni. Aliyewahi kuamka alfajiri ya Julai Njombe anaijua asubuhi ile. Nyuma ya karatasi kulikuwa na jina, darasa la tano, jina la shule, na neno Yakobi.

Tuliuliza zile karatasi ni za nini. Tukaambiwa ni za shindano la mwaka jana: mshindi alishapatikana, zawadi zilishatolewa, na hizi ni zile ambazo hazikushinda.

Tuseme msimamo wetu mapema. Mashindano ya kuchora, kuandika insha, kutunga mashairi na ngonjera yanayoletwa shuleni na kampuni, benki na mashirika ya hisani tunayataka, na hapa Njombe na Makambako tunataka yaongezeke. Dai letu ni moja. Karatasi ya mtoto irudi kwa mtoto, ikiwa na maneno mawili matatu ya mtu aliyeisoma au kuitazama kweli. Mdhamini asiyeweza hilo asipewe kibali cha kuingia darasani.

Wapo watakaoona ni dai dogo. Walitazame kutoka upande wa darasa. Shule ya msingi ya serikali hupangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hiyo hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni kinagombewa na chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichong'oka na dawati lililovunjika mguu. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo, na tunaupongeza kwa hilo, lakini boksi la penseli za rangi bado linamsubiri mzazi mwenye nafasi. Kwa watoto wengi wa vijijini, siku ya shindano inaweza kuwa siku pekee ya mwaka ambapo mtu mzima kutoka nje anawaambia: tuonyesheni mnachokiona ninyi. Mtoto huitikia kwa moyo wote. Hulala na lile wazo, humwomba dada yake kifutio, hukaa karibu na jiko mpaka moto unazimika. Kisha karatasi yake inapanda gari na habari zake zinaishia hapo. Mwaka unaofuata, mwalimu akitangaza shindano jingine, mtoto yule yule anainamisha kichwa.

Chukua shindano lenye karatasi 300 na washindi 3. Sisi wa vyombo vya habari huwapiga picha wale watatu wakiwa wameshika hundi ya mfano pembeni ya mgeni rasmi, tukaondoka. Hao 297 waliobaki hatuwaulizi chochote. Hao ndio tunaotaka shindano lipimwe kwao.

Na inawezekana. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa mfano wa maonesho ya wanasayansi vijana ya Ireland yaliyoanza 1965, inawataka wanafunzi wa sekondari watafute swali katika mazingira yao wenyewe na kulifanyia uchunguzi. Washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa kusoma chuo kikuu kutoka Karimjee Jivanjee Foundation, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kinachotuvutia sisi ni kile kinachotokea mezani. Jaji anasimama mbele ya vijana wawili na kazi yao ya mikono, anawauliza: mmepimaje, mmejuaje, mbona hapa matokeo yanapingana? Kijana anayerudi kwao bila zawadi anarudi akiwa ameshasikilizwa na mtu mwenye ujuzi, na anajua kazi yake ilipwaya wapi.

Majirani zetu Kenya wana tamasha lao la muziki la shule tangu 1927. Desturi yake ni kwamba jaji husema. Kwaya zikishaimba, anasimama mbele ya watoto na walimu wao, anaeleza sauti ya pili ilipotea wapi na mapigo yalikimbilia wapi. Watoto wanasikia na mwalimu anaandika. Ndiyo maana walimu husafiri mbali kulifuata hata wanapojua kikombe kina wenyewe.

Hata barua ya kawaida inatosha. Umoja wa Posta Duniani huendesha shindano la vijana la uandishi wa barua tangu 1971, na Tanzania imekuwa ikishiriki kupitia Posta. Linamtaka mtoto awe na kalamu, karatasi na jambo la kumwambia mtu. Mtoto wa Yakobi na mtoto wa Masaki, Dar es Salaam, wanaanza na vifaa vile vile, na tunatamani wadhamini wengi zaidi wafikirie kwa namna hiyo kabla ya kumwambia mtoto apakie kazi yake kwenye tovuti.

Tukija kwenye mada wanazopewa watoto, hapa ndipo tunapoumia zaidi. Mkoa wetu umebeba takwimu nzito. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wana udumavu, mkoa unaolima mahindi, viazi, maharage na parachichi. Utafiti wa UKIMWI wa 2022 hadi 2023 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote, kwa maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima. Mashirika yanakuja kwa sababu hizo, na yamefanya kazi ambayo hakuna mwenye akili atakayeibeza. Lakini mashirika hayo yanapoandaa shindano la watoto, mara nyingi jibu huwa limeshaandikwa ndani ya swali. Chora picha ya mlo kamili. Andika insha kuhusu athari za UKIMWI. Tunga shairi la kusifu mradi. Mtoto si mjinga, anajua kinachotakiwa. Anachora sahani yenye yai, samaki, nyama, chungwa na bilauri ya maziwa, sahani ambayo hajawahi kuiona mezani kwao, na anapata zawadi kwa kuichora.

Mwulizeni badala yake: jana mlikula nini, na nani alipika? Mwambieni aandike safari ya gunia la kiazi kutoka bondeni mpaka kwenye lori, lumbesa na vyote. Mwambieni achore sauti ya mashine ya mbao. Mtakachopata hakitafaa kwa bango, lakini mtajua mambo kuhusu lishe ya Njombe ambayo madodoso yenu hayakuyakamata.

Jambo jingine ni hatari, na tunaliomba lisikilizwe kwa uzito wake. Mtoto akiandika ukweli, ukweli huo unaweza kuwa wa nyumbani kwao. Mkoa wenye maambukizi kama yetu una madarasa yenye watoto waliozika baba au mama, na wengine wanaomeza dawa kila jioni. Insha ya mtoto wa namna hiyo ikisomwa kwa kipaza sauti uwanjani mbele ya kata nzima, jina likatajwa, picha ikawekwa kwenye ripoti ya mfadhili, hakuna daftari lenye nembo litakalomlipa. Kijiji ni kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na habari za afya ya mtoto inazipa ulinzi mkubwa zaidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo. Mdhamini anayekuja na kamera aje pia na fomu ya mzazi iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mzazi aambiwe wazi kwamba anaruhusiwa kukataa na mtoto wake bado akashiriki.

Ni hivyo hivyo kwa picha inayoishia kwenye kalenda ya kampuni. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ya sanaa ni mali ya aliyeitunga, na sheria haisemi popote kwamba mtunzi lazima awe na kitambulisho cha taifa. Kampuni ikitaka kuitumia, imwombe mzazi, iandikishane naye, iweke jina la mtoto ikiwa wazazi wameridhia, na imlipe. Kalamu na kofia si malipo ya picha inayotangaza biashara mwaka mzima.

Walimu nao tuwatetee. Tangazo hufika kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu siku ya Alhamisi, kazi zinatakiwa Jumatatu. Mwalimu ana darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Anachagua watatu wenye mwandiko mzuri, wale wale wa kila siku, anawaketisha, na pale wanapokwama anawatajia sentensi. Tunajua insha zilizoandikwa na watu wazima kwa mwandiko wa watoto, na majaji pia wanazijua. Lawama haianzi kwa mwalimu. Mpeni muhula mzima aone nani darasani huwa anachora pembeni ya daftari la hisabati. Mara nyingi si yule mwenye mwandiko mzuri.

Kuhusu lugha, hatutasema mengi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasomeshwa kwa Kiswahili. Shindano linalomjia kwa Kiingereza limeshamtoa kabla hajaanza. Serikali yenyewe, kwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyoanzishwa 2022, imeonyesha kuwa Kiswahili kinaweza kubeba zawadi ya milioni 10 na kitabu kikachapishwa. Ile ni ya waandishi wakubwa. Waandishi hao nao walikuwa darasa la tano siku moja.

Kwa hiyo tunawaambia watu wa kampuni za chai, za mbao na za parachichi, mabenki yenye matawi Njombe na Makambako, na mashirika ya hisani ya ndani na ya nje: leteni mashindano, lakini karatasi na rangi zitangulie kabla ya hundi ya mfano. Gharama ya hema, viti vya wageni na fulana za siku moja ingenunua penseli za rangi kwa kata nzima. Lipeni nauli ya watoto na mwalimu wao, wasichangishane. Tafuteni majaji wanaojua kazi. Wapo walimu wastaafu, wachora mabango na wanakwaya humu humu mjini, walipeni posho ya siku mbili waandike sentensi mbili nyuma ya kila karatasi. Karatasi 300 kwa majaji sita ni karatasi 50 kwa kila mmoja.

Halmashauri za miji ya Njombe na Makambako hazihitaji sheria mpya. Hakuna anayeingia shuleni na shindano bila kupita kwa maafisa elimu. Kibali kinaweza kuwa na masharti: tarehe ya kurudisha kazi, ridhaa ya wazazi, hakuna kiingilio, hakuna mchango. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango shuleni haukuacha mlango wa nyuma kwa ajili ya mashindano.

Tena zitundikwe. Makambako ni njia panda, basi la Songea, la Mbeya na la Dar es Salaam yote yanapita pale, na abiria wanashuka kununua mahindi ya kuchoma na kunyoosha miguu. Ukuta mmoja wa stendi, wiki mbili, picha zote na si za washindi pekee, zikiwa chini ya paa zisiloweshwe na mvua. Baba aliyeleta viazi sokoni aione kazi ya binti yake inatazamwa na mtu asiyemjua. Baadaye zishushwe, zirudi shuleni.

Ile picha ya sakitu, tulipoondoka, bado ilikuwa juu ya kabati. Tuliomba irudishwe, tukaahidiwa itaangaliwa. Jina la mtoto lipo nyuma yake, na shule pia, kwa mwandiko unaosomeka vizuri kabisa. Bodaboda za kwenda Yakobi zipo mjini kila siku kuanzia asubuhi.