Friji Zetu Haziungui kwa Uzembe

Sisi wa Kalemela tumechoka kuambiwa kwamba vifaa vyetu vinaungua kwa sababu hatujui kuvitumia. Ukirudisha friji dukani unaulizwa uliichomeka wapi. Ukimwita fundi, anakwambia watoto wamezidi kufungua mlango. Ukilalamikia umeme, unaambiwa ungenunua stabilaiza. Kila unayemfuata ana kosa la kukubebesha, na hasara inabaki kwako peke yako.

Huku kwetu Simiyu friji si pambo la sebuleni. Ni kitega uchumi cha mama anayeuza maji baridi, juisi na barafu za watoto wa shule, ni ya mwenye mgahawa anayehifadhi samaki wa jana. Wengi huinunua kwa hela ya pamba, na hela ya pamba ni ya msimu. Kompresa ikiungua msimu ukiwa umeshapita, mtu anakaa mwaka mzima na kabati jeupe lisilogandisha kitu.

Nguzo zilipofika vijijini tulishukuru, na bado tunashukuru. Kuunganishiwa kwa shilingi 27,000 kumewafungulia watu wa kipato cha chini mlango ambao baba zetu hawakuuona. Lakini njoo uone jioni. Mashine ya kusaga ikiwashwa, taa za nyumba za jirani zinafifia. Fundi wa kuchomelea akianza kazi, feni inapunguza mwendo. Volti zinazotakiwa ni 230, ila kijana mmoja mwenye mita alituchomekea kwenye soketi ya nyumba iliyo mwisho wa laini, ikasoma 160 na kitu. Tukamwomba apime tena, ikashuka zaidi.

Watu hudhani umeme mdogo hauna madhara. Una madhara makubwa. Mota ya friji inapopata volti kidogo inashindwa kujizungusha, inavuta ampea nyingi, inachemka, na waya wake wa ndani unaungua polepole. Halafu kuna kukatika na kurudi. Umeme ukikatika kwa sekunde chache tu na kurudi, gesi ndani ya kompresa bado ina presha kubwa upande mmoja. Mota inalazimishwa kuanza na mzigo huo mgongoni. Inahitaji dakika tatu hadi tano za kupumzika. Umeme wetu hauipi hizo dakika: unakatika, unarudi, unapepesa, unakatika tena. Na kibaya kuliko vyote ni nyutro kukatika kwenye laini. Hapo nyumba iliyozoea 230 inaweza kupokea karibu 400, na usiku mmoja unaondoka na televisheni, redio, chaja na taa za nyumba nzima. Mwenye nyumba amekosea nini hapo?

Kile kidude cha kulinda friji, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, kinasaidia. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya friji. Kwa nini muuzaji hatuambii siku tunayolipa? Anatuuzia friji, anatupakilia kwenye bodaboda ikiwa imelazwa, wala hatuonyi kwamba tukifika tuisimamishe saa kadhaa ndipo tuichomeke, maana mafuta ya kompresa yamehamia kwenye mabomba. Neno moja lingeokoa friji nyingi.

Sasa tuje kwenye gesi, maana hapa ndipo tunapoumizwa zaidi. Mazungumzo haya kila mama mwenye friji hapa anayajua:

“Mayu, gesi imeisha.”

“Imeisha tena, mwanangu? Si uliijaza juzi tu?”

“Ndiyo hivyo, mayu. Friji ikifanya kazi sana inakula gesi.”

Si kweli. Gesi ya friji hailiwi kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda rudi, na friji nzima inaweza kuzeeka na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, ujue kuna tundu. Fundi wa kweli analitafuta hilo tundu: anajaza naitrojeni, anapaka povu la sabuni kwenye viungo, anaangalia panapotoa mapovu, anachomelea. Kisha anafyonza hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo anajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Anayeruka hatua ya kufyonza anaacha maji ndani. Maji yanaganda kwenye kale kabomba kembamba na friji inaziba. Mama analipa tena. Na kuna wanaojaza gesi yoyote waliyo nayo, wakati kibandiko kwenye kompresa kimeandika waziwazi kama ni R134a au R600a. Hiyo R600a inashika moto. Kuwasha tochi ya kuchomelea kabla ya kuitoa yote nje ni kuhatarisha maisha ya waliomo ndani.

Mashine za kufulia bado ni chache, lakini zinaongezeka. Watoto walio mjini wanawatumia wazazi. Nyingi zinasimama si kwa ubovu. Zimetengenezwa kwa maji ya bomba yenye msukumo, na sisi tunaziunganishia pipa lililo chini. Valvu haifunguki vizuri, mashine inasubiri maji mpaka inakata tamaa na kuandika herufi na namba ambazo kitabu chake kimeeleza kwa Kichina. Tangi likipandishwa mita kadhaa juu, au ukinunua ile ya matangi mawili inayojazwa kwa ndoo, tatizo linakwisha. Mzee mmoja alishalipia ubao mpya wa umeme kabla ya mtu kumwambia hivyo.

Si mafundi wote wabaya, tusiwaonee. Tunao vijana ambao ukiwapelekea feni isiyozunguka mpaka uisukume kwa mkono wanakwambia hapo hapo ni kapasita, wanabadilisha, unalipa hela ndogo, unaondoka. Wamejifunza kwa kukaa kwenye benchi la mtu. VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa namna hiyo na kuwapa vyeti kwa ujuzi walioupata kazini. Tunataka utaratibu huo uwafikie huku, pamoja na mafunzo ya majokofu, na cheti kitundikwe ukutani tukione. Na anayeunga pasi moja kwa moja kwa kuruka fyuzi ya joto, ili mteja aone tu inapata moto, asipewe.

Spea nayo ni kilio. Mpira wa mlango, thermostati, mkanda wa mashine, vyote mpaka uagize Mwanza, na kikija hakilingani, na aliyekuuzia hakubali kurudishiwa. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wameweka kanuni: tangu 2021 anayetengeneza au kuingiza sokoni mashine ya kufulia lazima ahakikishe spea zake zinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya mtindo huo kuacha kuuzwa, na friji miaka 7. Vifaa hivyo hivyo, mara nyingi vya viwanda hivyo hivyo, vikifika kwetu havina wa kuvisemea. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na tume yake, FCC, ina kazi ya kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia. Mwanakijiji mwenye friji iliyoungua na risiti iliyofifia wino aanzie wapi? Fomu iletwe ofisi ya kata. Waranti iandikwe kwa Kiswahili, itaje fundi wa mkoa huu huu, siyo namba ya simu ya Dar es Salaam isiyopokelewa.

Na wenye laini waje wapime. Wasije saa nne asubuhi, wakati watu wako shambani na kila kitu kimezimwa, wakasoma 230 na kuandika kwamba hali ni shwari. Waje saa mbili usiku, mashine ya kusaga ikiwa inanguruma, waende nyumba ya mwisho kabisa kwenye laini, wachomeke mita yao mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kilichosomeka kiandikwe kwenye daftari la kijiji na kusainiwa na pande zote mbili.