NYUMBA YA VYUMBA VIWILI



Mtu apitaye leo kandokando ya miji ya Shinyanga, Kahama na Geita huona kuta nyingi zisizo na paa, majani yameota ndani na mvua imeanza kuzila. Si chache katika hizo ambazo ni mali ya watu wa mshahara kama sisi. Mwenyewe alikusudia vyumba vitano na sebule kubwa. Akaweza msingi na kuta, kisha ada za shule na uhamisho vikamzuia, naye angali akilipa kodi katika nyumba ya mwenziwe. Mtaka yote hukosa yote. Shauri letu ni kwamba mtumishi ajenge kwanza nyumba ya vyumba viwili, aimalize, ahamie, ndipo afikiri cha tatu.

Wako watakaosema kwamba nyumba kama hiyo haimstahili mtu mwenye cheo. Tuwakumbushe desturi ya Usukuma: mji wa mzee ulikuwa na nyumba kadhaa ndogo ndani ya ua mmoja wa minyaa, nazo ziliongezwa kadiri jamaa ilivyoongezeka. Hakuna aliyemcheka. Nasi twaweza kuanza na nyumba ya mita 5 kwa 6, yenye baraza mbele, jiko na choo vikiwa nje, na upande mmoja wa kiwanja ukaachwa wazi kwa vyumba vijavyo.

Walakini udogo usiwe kisingizio cha kujenga vibaya. Mwezi Machi 2015 mvua ya mawe na upepo mkali vilikipiga usiku kijiji cha Mwakata, Wilaya ya Kahama, wakafa watu zaidi ya 40, wengi wao wakiangukiwa na kuta za udongo. Basi fedha tunayookoa kwa kupunguza vyumba yatupasa kuitia katika msingi na paa.

Kwanza msingi. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na ukuta uliosimama juu yake hupasuka pia. Awezaye achague kiwanja penye luseni, yaani mchanga wa kandokando ya vilima. Asiyeweza achimbe mpaka aupite udongo huo, au apate shauri la mhandisi wa halmashauri kabla ya kununua jiwe hata moja. Huko Geita, na popote palipo dhahabu, awaulize pia wenyeji kama mahali hapo palipata kuchimbwa duara.

Pili paa. Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke kuta zote, na kenchi zifungwe kwa nguvu katika mkanda huo. Kisha pawe na gata na tangi. Paa la mita 30 za mraba, likinyeshewa milimita 700 kwa mwaka, hupokea lita 21,000, kabla ya kutoa zinazopotea. Katika nchi yenye kiangazi cha tangu Juni hata Oktoba, hayo si maji ya kudharau.

Tatu matofali. Miti ya Shinyanga ilikuwa imekwisha kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Haifai sisi watumishi wa umma kuirudisha hasara ile kwa matanuru yetu. Liko tofali la kufungamana, lililoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi: ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, wala halichomwi.

Mashine hiyo ni mzigo kwa mtu mmoja, bali si mzigo kwa tawi zima. Twashauri kila tawi linunue moja kwa michango ya wanachama, ipokezanwe kwa zamu, wa kwanza wakiwa wale walio karibu kutimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Hao hawana tena muda wa kungoja vyumba vitano.

Makatibu wa matawi na walilete jambo hili katika mkutano ujao, watuandikie majibu mapema, ili kazi ya matofali ianze kiangazi kiingiapo.

Mhariri