Wakaguzi waje Desemba
Safu ya Upepo wa Mweru, na Kasongo Mwewa

Kila tarehe 1 Desemba ziwa linafungwa, na hadi mwisho wa Februari hakuna wavu wenye ruhusa ya kuingia majini upande wetu wa Mweru. Ng'ambo, kwa Wakongomani, tunasikia mengine, lakini hilo ni lalamiko la kila mwaka na leo nitaliacha lilale. Ukishuka ufukweni Kashikishi siku hizo utakuta boti zimepinduliwa mchangani, nyingine zimebaki mataruma tu kama samaki aliyeliwa upande mmoja. Nyundo zinaanza asubuhi. Fundi mmoja ameketi juu ya kigoda, mbele yake vijana watatu: huyu anaranda ubao, yule anakwangua lami ya zamani, wa tatu anafundishwa kutia kalafati. Akikosea, anaambiwa atoe yote aanze upya.

Vijana hao watatu, kwa macho ya serikali, hawasomi chochote.

Sheria ya mafunzo ya ufundi ya Zambia ni ya mwaka 1998, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2005. Ndiyo iliyounda TEVETA, mamlaka inayosajili vyuo vya ufundi na kuvikagua. Anayetaka kufungua chuo ajiandikishe kwanza. Wakaguzi watatazama majengo, vifaa, uongozi, na kama wakufunzi wana idhini ya mamlaka. Kisha chuo kitapewa daraja, la 1, la 2 au la 3. Fundi wetu wa ufukweni hana kibao wala ofisi, kwa hiyo hakuna anayemsumbua. Ila hakuna pia anayemhesabu.

Zamani jambo hilo halikuuma. Lilianza kuuma mwaka 2022, pale mfuko wa maendeleo ya jimbo, CDF, ulipopandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na sehemu yake ikatengwa kuwalipia vijana ada ya kujifunza ufundi. Hela nzuri, na sitaki mtu aseme nimeibeza. Lakini inalipwa kwa chuo kilichosajiliwa tu. Kijana wa wilaya yetu ya Nchelenge akibahatika, anafunga godoro lake juu ya basi na kushika njia ya Mansa, au anakwenda mbali zaidi, na fedha ya jimbo inasafiri pamoja naye. Huko atafundishwa milango, vitanda na mapaa ya nyumba, tena afundishwe vizuri. Akirudi, kama atarudi, atakuta kazi iliyojaa ufukweni ni ile ambayo hakufundishwa, na fundi anayeijua hajawahi kupata hata ngwee moja kwa vijana aliowalea.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa usajili, na sababu ninayo nyumbani. Mpwa wangu alipelekwa kusoma umeme wa majumbani katika mji mmoja nisioutaja, kwenye chuo chenye kibao kikubwa kilichopakwa rangi tatu. Dada yangu aliuza magunia ya chisense, ambao ni ndugu wa dagaa, akalipa ada ya mwaka mzima. Wenzake wa vyuo vingine walipoanza mitihani, mpwa wangu hakuwa na namba ya mtihani, maana chuo hakikuwa kwenye orodha ya waliosajiliwa. Mwenye chuo aliacha kupokea simu. Baada ya hapo kijana alitandaza nyaya kwenye nyumba za watu kwa kubahatisha, na mimi nikialikwa chakula kwenye mojawapo ya nyumba hizo hukaa karibu na mlango.

Kwa hiyo kwenye umeme, mkaguzi asilegeze hata kidogo. Na mzazi asitoe senti kabla ya kuuliza namba ya usajili na kuithibitisha kwa TEVETA wenyewe. Kibao kinapakwa rangi na yeyote mwenye brashi.

Kinachonisumbua ni kwamba ukaguzi uliotungwa kumnasa tapeli wa kibao unamwacha nje mtu asiye na kibao kabisa. Unapima darasa, na ufukweni hakuna darasa. Unauliza hati ya mkufunzi, na hati ya fundi huyu iko majini, imebeba watu na nyavu tangu mwaka juzi bila kuvuja. Kumwambia ajenge vyumba viwili na ofisi ndipo atambuliwe ni kumwambia aache ufundi awe mwenye nyumba. Wamisionari wa London Missionary Society walipoweka makao Mbereshi, hapo kwa jirani zetu wa Mwata Kazembe, mwaka 1900, matofali yalifinyangwa na kuchomwa papo hapo na vijana wa hapo hapo, na ufundi uliingia mikononi kabla ya ukuta kusimama.

Wasio na kibao hawako ufukweni peke yake. Twende Mantapala. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 2018 ndani ya wilaya yetu, baada ya watu kuvuka wakikimbia vita upande wa Pweto. Wasomaji wangu wa Tanzania na Kenya hushangaa nikiwaambia kwamba huku Zambia kuna mahali unaweza kununua, kushtakiana na kuposa kwa Kiswahili siku nzima. Basi njooni Mantapala. Humo wamo washonaji, waashi, wachomeleaji. Wachache walikuja na cheti cha INPP, taasisi ya ufundi ya Kongo iliyoanzishwa mwaka 1964, kimeandikwa Kifaransa. Wengi walikuja na mikono tu, maana anayekimbia usiku huchukua mtoto kwanza. Mwenye cheti akitaka kitambuliwe, wa kukitambua ni ZAQA, mamlaka ya sifa za elimu, na ZAQA iko Lusaka. Mwenye mikono tu, njia yake iko wapi?

Majirani walishajibu swali hilo kwa namna yao. Tanzania, VETA, mamlaka ya ufundi ya huko, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia gereji au kwenye karakana ya mjomba, na akifaulu anapewa cheti bila kurudishwa shuleni. Kenya, fundi wa jua kali anaweza kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa daraja la 3, akapanda hadi la 1. Na Zambia haina haja ya kuazima: mitihani ya ufundi wa mikono, kuanzia daraja la 3, imo katika vitabu vya TEVETA wenyewe, na utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya chuo pia umo. Chombo kipo. Kinahitaji kupakiwa kwenye gari na kuletwa ziwani.

Na kije lini? Nasema Desemba, au Januari ikibidi. Hiyo ndiyo miezi ambayo boti ziko nchi kavu, mafundi wamejaa kazi, na vijana wanaovua chisense usiku kwa taa za sola hawana pa kwenda. Mwezi wa sita mkaguzi atakuta ufukwe mtupu na ataandika kwamba hakuna mafunzo. Marufuku ya uvuvi, ambayo kila nyumba huku inailaani, ni muhula wa masomo usioandikwa kwenye kalenda ya chuo chochote.

Chuo kilichosajiliwa, tuseme kile cha ufundi cha Mansa, kiwe mlezi. Mafundi wa ufukweni wawe matawi yake, na CDF imlipe fundi kwa kila mwanafunzi anayefikishwa kwenye mtihani. Mtihani wenyewe si mgumu kuutunga. Mpe kijana boti iliyopasuka, baada ya wiki mbili itie majini ilale usiku kucha, asubuhi kachungulie ndani. Maji ya Mweru hayapokei bahasha. Kuhusu mafundi hewa, kamati za uvuvi za vijijini zinamjua kila anayeshika nyundo, na zinajua pia nani anaazima ya jirani.

Nimeambiwa kwamba mafundi wengine huwageuza vijana vibarua, miaka minne wanachota maji na kubeba mbao. Ni kweli, nimewaona. Lakini leo kijana huyo hana mkataba, hana muda uliowekwa, hana pa kulalamika. Akiandikishwa, angalau kutakuwa na tarehe ya mtihani, na fundi asiyemfikisha kijana kwenye tarehe hiyo hatalipwa.

Fundi ninayemfahamu hapa Kashikishi ameshapindua boti ya kwanza. Mbao mbili za ubavuni zimeoza. Mwaka huu vijana wake ni wanne, na mmoja ni mpwa wangu, ambaye ameacha nyaya.