Bwana Msa hana maabara

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zina lalamiko moja: Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, hana maabara. Hachukui alama za vidole, hapeleki damu kwa Mkemia Mkuu, hana kamera wala simu ya mkononi. Anawasha kiko chake, anamsikiliza huyu, anamhoji yule, anakaa kimya pale wenzake wanapobishana, na mwishowe anaeleza mauaji yalivyotendeka. Kijana wa Bagara, hapa Babati, anayejipatia riziki kwa kuwaingizia watu filamu kwenye flashi ameandika kwamba kesi ya Mzimu wa Watu wa Kale ingekwisha kwa siku mbili kama wapelelezi wangekuwa na vifaa. Mwalimu mstaafu wa Maisaka, aliyesoma vitabu vyote saba, anasema anavirudia kwa sababu ya Kiswahili chake, na kwamba muuaji ni nani hilo halimshughulishi tena. Muuguzi mmoja anauliza kwa nini wanawake wa hadithi hizi huwa siri ya mwanamume fulani kwanza, halafu ndipo wawe watu. Na yuko msomaji wa Nangara aliyetuma mistari michache tu: kwamba Mzimu wa Watu wa Kale ndicho kitabu cha kwanza kumfanya atilie shaka maelezo aliyopewa utotoni juu ya kifo cha mtu wa ukoo wake.

Barua hiyo ya Nangara ndiyo iliyonishika, na ndiyo ninayoisimamia.

Kwa wasiofahamu, Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kushika kalamu alikuwa mkaguzi wa afya, yaani bwana afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, akapitia magazeti mengine ya huko, na kuanzia 1958 hadi 1968 alihariri Mkulima, jarida la wakulima wa Tanganyika. Mzimu wa Watu wa Kale ulipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ukachapwa 1960. Vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kwa zaidi ya miaka ishirini mpelelezi mmoja na rafiki yake Najum waliendelea kurudi kwa wasomaji, na mwandishi wao alipofariki mwaka 1991 walikuwa tayari wamewazoesha watu wengi kusoma riwaya nzima kwa Kiswahili hadi ukurasa wa mwisho.

Watu hupenda kusema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Kiko kipo, rafiki wa kushangaa yupo, na Holmes alitangulia kwa zaidi ya miaka sabini. Lakini wanaosema hivyo hawajatazama kilichoachwa. Katika riwaya ya kwanza ya Arthur Conan Doyle, ya mwaka 1887, msomaji anakutana na Holmes ndani ya maabara, akishangilia kwamba amegundua namna ya kutambua doa la damu. Conan Doyle mwenyewe alikuwa daktari, na alimchora shujaa wake akimfikiria mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, aliyekuwa akimtazama mgonjwa na kutambua kazi yake kabla hajafungua kinywa. Abdulla alikuwa na sababu zote za kuichukua maabara hiyo pia. Yeye ndiye aliyekuwa bwana afya. Alijua nini maana ya kuchota maji ya kisima na kuyapeleka yakapimwe, alijua kwamba jicho halitoshi kuamua kama maji ni salama. Hata hivyo alichukua kiko na rafiki, maabara akaiacha.

Naamini aliiacha kwa makusudi, na sababu imo ndani ya kitabu chenyewe. Kinachowazuia watu wa Mzimu wa Watu wa Kale kumjua muuaji si upungufu wa vifaa. Ni kwamba jibu wanalo tayari. Mtu ameuawa, mahali ni pa mzimu, basi nani tena wa kuulizwa? Jibu hilo liko mtaani kabla polisi hawajafika, linatembea kwa miguu ya kila mtu, na kila anayelirudia anaongeza chake. Kazi ya kwanza ya Bwana Msa ni kulikataa. Halidhihaki, wala hawatukani wanaoliamini. Anakataa tu kuacha kuuliza.

Nawaomba wasomaji wetu wa umri mdogo walipime hilo dhidi ya nchi wanayoishi. Kwa miaka mingi vikongwe waliuawa Shinyanga, Mwanza na Tabora kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Bibi aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, macho yake yatakuwaje? Zikaja baadaye zile habari za watu wenye ualbino, kuwindwa na kukatwa viungo, ambazo kuanzia 2007 zililitikisa taifa zima. Katika mauaji hayo maabara isingemwokoa hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na swali la kuipelekea. Mtoto amekufa ghafla, aliyemuua anajulikana, yupo nyumba ya tatu, anasubiri panga. Sheria ya Uchawi imo katika vitabu vyetu tangu 1928 na haijaufunga mdomo wa mtu mmoja anayenong'ona msibani.

Babati hatuko nje ya jambo hili. Mji wetu uko njia panda: gari la Arusha, la Dodoma, la Singida, yote yanapita hapa, na kila gari linashusha habari zake. Mwairaqw, Mgorowa, Mmbugwe, Mrangi, Mbarbaig, kila mmoja ana maelezo ya kwao kuhusu kifo kisichoeleweka, na yote yamejaa hekima na hofu kwa pamoja. Msomaji wa Nangara aliyesema kitabu kilimfanya atilie shaka alichoambiwa utotoni hakudharau ukoo wake. Aliuliza swali ambalo ukoo haukuuliza.

Sasa nimrudie kijana wa Bagara, maana hoja yake ni nzito kuliko anavyodhani, na sehemu moja ana haki kabisa. Tamthilia anazouza, za wataalamu waliovaa makoti meupe wakipata jibu kabla ya chai kupoa, zimemfundisha kutaka uthibitisho. Hilo ni jambo zuri na sitaki mtu yeyote mzima alibeze. Lakini zimemficha uthibitisho unavyopatikana. Chukua kesi ya kawaida hapa kwetu. Mtu anajeruhiwa, anakwenda polisi kuchukua fomu ya PF3, anakwenda nayo hospitali ya Mrara, daktari anajaza. Akifariki, unafanyika uchunguzi wa maiti. Nguo yenye damu inawekwa kwenye bahasha, inapigwa lakiri, inaandikwa nani ameikabidhi na nani ameipokea, saa ngapi, tarehe gani. Bahasha inasafiri kilomita zaidi ya 160 hadi ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali iliyoko Arusha, na ikibidi Dar es Salaam. Inarudi na ripoti. Miezi inapita. Ndipo wakili wa utetezi anasimama mahakamani na kuuliza: kati ya Jumanne jioni na Alhamisi asubuhi, bahasha hii ilikuwa kwa nani?

Mahakama ya Rufani imelirudia jambo hili katika hukumu nyingi, hasa za dawa za kulevya: kielelezo ambacho safari yake haijulikani kinapoteza nguvu, hata kama maabara imekipima vizuri. Mashine haiwezi kujibu swali la Jumanne jioni. Linajibiwa na mtu mwenye daftari, na mtu mwingine anayejua kuuliza nani alikuwa wapi, aliondoka na nani, funguo alimwachia nani. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya Bwana Msa tangu kitabu cha kwanza hadi cha saba. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba amepitwa na wakati, nasema mpelelezi wa leo asiyejua kufanya kazi ya Bwana Msa ataibeba sampuli yake nzuri hadi mahakamani na kumwona mtuhumiwa akitoka huru.

Iko sehemu moja ambapo maabara ingevivunja vitabu hivi kabisa, na inashangaza kwamba katika barua zote ni muuguzi peke yake aliyeikaribia. Kesi za Bwana Msa mara nyingi zimefungwa katika ukoo: nani ni mtoto wa nani, nani ana haki ya kurithi, ndoa gani ilifichwa na kwa nini. Tangu Alec Jeffreys wa Leicester alipogundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake, fundo la namna hiyo hufunguka kwa mate kidogo kwenye pamba. Sisi tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tangu 2009, na haimruhusu baba mwenye wasiwasi kwenda kupima mtoto kama anavyokwenda kupima malaria. Ombi lazima lipitie kwenye mamlaka iliyotajwa, kama vile mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Na baada ya lori la mafuta kuungua Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na watu zaidi ya 100 kupoteza maisha, ni vinasaba vilivyotegemewa kuwaambia ndugu mwili upi ni wa nani pale ambapo moto haukuacha sura.

Basi tuseme Bwana Msa angekuwa na karatasi hiyo ya vipimo mfukoni tangu sura ya pili. Fumbo la nasaba lingekwisha. Kingebaki nini? Ingebaki sababu ya kuficha. Kwa nini mama alinyamaza miaka ishirini, alimwogopa nani, nani alifaidika na ukimya wake. Hapo ndipo muuguzi wetu anapombana Abdulla, na mimi niko naye. Majina kama Mke Mmoja Waume Watatu yanatangaza mwanamke kama kitendawili cha kuteguliwa na wanaume, na mara nyingi hadithi inapofika mwisho tunajua alichofanya bila kujua aliyapitaje maisha akiwa na siri hiyo moyoni. Huo ni upungufu wa mwandishi, si wa zama peke yake.

Wazee wetu nao wasidhani wamesalimika. Mapenzi yao kwa Kiswahili cha Bwana Msa nayaheshimu; nami ninayo. Lakini barua zao kadhaa zinauzungumzia mfululizo huu kama nyumba ya makumbusho, mahali pa kwenda kutazama lugha ilivyokuwa. Unguja ya Bwana Msa ni ya kabla ya mapinduzi, hata katika vitabu vilivyotoka miaka kumi na zaidi baada ya 1964, na anayekipenda Kiswahili cha mahali hapo peke yake anakinyima kuendelea kuishi. Waliofuata walijaribu kukisogeza. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), alitupa Inspekta Wingo, polisi wa kazi. Elvis Musiba akatupa Willy Gamba kuanzia Kufa na Kupona (1974), akampeleka hadi kwenye njama za makaburu. Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Niliwasoma wote kwa njaa. Wakaongeza bastola, ndege, mahoteli na mbio za magari. Lakini mtu anayefungua bahasha ya kielelezo chini ya taa, akijua kwamba uhai wa mtu unategemea atakachoandika, huyo kati yao hakuna aliyempa kiti cha mbele.

Na sasa tunamhitaji kuliko wakati wowote. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Maana yake ni kwamba maelezo ya daktari, ripoti ya mkemia, maswali ya wakili na majibu ya shahidi yanatakiwa yaeleweke na mama aliyekaa benchi la nyuma, ambaye mwanawe ndiye marehemu. Kamusi peke yake haitatufikisha hapo. Abdulla aliwafundisha wasomaji wa Kiswahili kufuata hoja ndefu ya upelelezi, hatua kwa hatua, bila kuwapotezea njia, na aliwafundisha kwa hadithi. Kinachokosekana ni mwandishi wa kuufanyia ushahidi wa maabara kazi ambayo Abdulla aliyafanyia mazungumzo ya barazani.

Barua tumezichapa kuanzia ukurasa unaofuata, fupi na ndefu, pamoja na zile zinazotukaripia kwa kuchagua riwaya za mauaji wakati wa mavuno ya mbaazi. Ya Nangara tumeitanguliza. Tumeondoa majina ya waandishi wote, kwa kuwa baadhi wamegusa misiba ya nyumbani kwao.

Kwa toleo lijalo tunapokea hadithi za upelelezi zinazotokea katika mkoa huu: Babati, Katesh, Mbulu, Kiteto, Mirerani, popote. Masharti ni machache. Mauaji yasiteguliwe kwa ndoto wala kwa mganga. Mwanamke akiwa na siri, tumsikie akiisema mwenyewe. Na ikiwa kuna sampuli, isafiri kama sampuli zinavyosafiri kweli, kwa barabara hii hii ya kwenda Arusha, na mwandishi ajue kila saa ilikuwa mikononi mwa nani.