Shukrani Si Dawa

Iko desturi ya maneno iliyokaa vinywani mwetu muda mrefu hata tumesahau kuipima. Mtoto akipona saratani, jamaa na majirani humwendea mama yake, wakampa mkono na kumwambia: "Shukuru, mwanao amepona, yaliyopita yamepita." Wasemao hivyo wana nia njema. Lakini nia njema si ushahidi wa kweli, na neno hilo likigeuzwa kufuli la kinywa cha mzazi huwa ni uonevu.

Natutazame kwanza jambo lenyewe. Saratani ya damu ya watoto, katika aina yake iliyo ya kawaida zaidi, hutibiwa kwa muda wa miaka miwili mpaka mitatu. Katika muda huo mzazi humshika mwanawe asijitikise, ili sindano iingie uti wa mgongo. Huona nywele zikibaki juu ya mto. Hujifunza kuogopa homa ndogo kama wengine waogopavyo moto. Pengine huamka asubuhi akakuta kitanda cha jirani ki kitupu, wala hathubutu kuuliza. Kisha siku moja huambiwa kwamba dawa zimekwisha. Mtoto hurudi shuleni, akacheza, akasahau. Mama hasahau. Miaka saba baadaye kijana akitokwa na damu puani, mikono ya mama hutetemeka. Harufu ya spiriti humrudisha wodini. Usiku huamka kumpapasa paji la uso mtu aliyekwisha kumpita kwa kimo. Baba naye, siku ya kliniki ikifika, hukumbuka ghafla shughuli ya mbali, wala mwenyewe hajui kwamba anakimbia.

Hali hiyo ina jina. Ni kiwewe kinachobaki baada ya tishio kuondoka. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani kiliyaandika maradhi haya katika kitabu chake cha kuainisha magonjwa ya akili, na wengi waliyafikiria kuwa maradhi ya askari waliorudi vitani. Mwaka 1994 kitabu hicho kilikiri kwamba hata habari ya ugonjwa wa kuua uliompata mtoto yaweza kumjeruhi mzazi hivyo. Mwaka 2013 mlango huo ukafanywa mwembamba: habari ya ugonjwa peke yake haikutosha tena. Wataalamu wana haki ya kubishana juu ya mipaka ya jina, lakini jeraha halingoji ubishi wao uishe. Mwaka 2004 Anne Kazak na wenzake walieleza habari za familia 150 za vijana waliokwisha kutibiwa saratani. Karibu familia zote zilikuwa na mtu mmoja au zaidi ambaye mambo yale yalikuwa yakimrudia moyoni bila kuitwa. Na karibu familia moja katika kila tano ilikuwa na mzazi ambaye bado alikuwa na maradhi yenyewe kamili. Basi si kila mzazi ni mgonjwa, na kweli haina haja ya kutiwa chumvi. Lakini mmoja katika nyumba tano si mtu wa kupitwa kama hayupo.

Wapinzani wa maneno haya ni wa namna tatu. Wa kwanza husema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Nawajibu kwamba saratani ya watoto si ngeni kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya za watoto wa Afrika, na uvimbe ule ukapewa jina lake na kusomwa ulimwenguni kote. Kila taya katika habari zile lilikuwa la mtoto mwenye wazazi. Jina la uvimbe twalisoma vitabuni. Uchungu wa wazazi wale twausoma wapi? Wala elimu ya kiwewe si ngeni. Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema kwamba mtu huyo hana shukrani kwa kuwa yu hai.

Wa pili husema kwamba mzazi awe na subira. Subira ni fadhila njema, lakini ni fadhila ya mwenye kuumwa. Haiwezi kuwa udhuru wa mwenye kutazama. Shukrani na uchungu hukaa katika moyo mmoja, na aliye na cha kwanza hakuibiwa cha pili.

Wa tatu husema kwamba sisi ni maskini, na dawa za watoto zenyewe hazitoshi. Hoja hii ndiyo yenye uzito, nami naiheshimu. Lakini swali halinunuliwi. Mzazi huja kliniki na mwanawe, daktari apimaye damu ya mtoto aweza kumgeukia mama na kuuliza, "Nawe walala?" Mwenye kujibu kwa machozi apelekwe kwa mtu aliyefundishwa kusikiliza na kutibu. Tena hilo ni faida ya mtoto mwenyewe, maana mzazi anayeikimbia hospitali huweza kumkimbiza na mwanawe asipimwe.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030, watoto wenye saratani wasiopungua 60 katika kila 100 wapone. Ni lengo la kuombewa na kufanyiwa kazi. Lakini fikirini, enyi mnaosoma utabibu, uuguzi na elimu ya jamii: kila mtoto atakayeongezeka katika hesabu ya waliopona atarudi nyumbani na watu waliokesha naye. Kufaulu kwetu ndiko kutakakowazidisha wenye jeraha hili. Tukiwahesabu watoto na kuwaacha wazazi wao, tutakuwa tumefunga jalada nusu ya kazi ikiwa bado.

Basi tumwambiapo mama ashukuru, tusiondoke. Tukae, tumwulize, na tumngoje ajibu.