Maji yaliyosafishwa kwa jua: kung'aa peke yake hakutoshi



Mzee mmoja wa Kendwa alituuliza baada ya sala ya Ijumaa: "Sheikh, mjukuu wangu yuko chuo kikuu. Ananambia kuna unga mweupe, ukitiwa katika maji machafu yakaanikwa juani, uchafu unakwisha. Maji hayo tutawadhia?"

Swali hili linatugusa wengi. Ukanda wa Kendwa na Nungwi umejaa mahoteli, na kila hoteli ina dobi, mabafu na makaro. Chini yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Kinachomwagwa juu hakichelewi kufika kisimani.

Unga wenyewe si mgeni majumbani. Ni oksidi ya titani, ile inayotia weupe katika rangi za ukuta na dawa za meno. Ndugu yake, oksidi ya zinki, imo katika mafuta ya kupaka watoto wenye vipele. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walionesha kwamba oksidi ya titani ikipigwa na mwanga huweza kuyapasua maji. Wengine wakaendelea, ikajulikana kuwa mwanga huamsha katika punje hizo nguvu ya kuunguza. Rangi za nguo, sabuni, mabaki ya dawa na viuadudu huvunjwavunjwa, na kazi ikitimia hubaki maji, hewa ya kaboni na chumvichumvi kidogo.

Lakini lazima itimie, na hapa fiqhi yetu ilishatangulia. Imam Nawawi katika Minhaj anazungumzia maji yaliyofika kula mbili yakageuzwa na najisi. Geuko likiondoka lenyewe, au kwa kuongezwa maji, yametahirika. Likiondoka kwa miski au zafarani, hayakutahirika, na vivyo hivyo udongo kwa kauli yenye nguvu, kwa sababu hatujui kama uchafu umeondoka au umefichwa. Basi unga huu unaondoa au unaficha? Ukifanya kazi kikamilifu unaondoa kweli. Tatizo ni kuwa rangi hupotea mapema, kabla vipande vyake havijamalizika, na baadhi ya vipande huweza kudhuru kuliko rangi yenyewe. Jicho halitoshi kuhukumu.

Kuhusu maji machafu yaliyosafishwa kwa jumla, Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudia liliamua mwaka 1978, na Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka mwaka 1989, kwamba yakirudi katika asili yake, bila athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, ni tahara na yanafaa kwa udhu. Kunywa ni jambo jengine: yakiwa na madhara huachwa kwa kuilinda nafsi, hata kama si najisi.

Sasa tuangalie Unguja. Unga huu hutumia hasa ile miale inayounguza ngozi, ambayo ni kama sehemu 5 tu katika 100 za mwanga wa jua. Maji yenye matope huizuia. Maji yetu yana chokaa, na ya visima vya pwani yana chumvi. Vyote viwili hula nguvu ya unga kabla haijaufikia uchafu. Chumvi haiondoi kabisa. Kisha lazima unga wenyewe uchujwe, nao ni laini mno. Kwa hivyo tunaona mahali pake ni hotelini, mwisho wa mtambo wa majitaka, kumalizia rangi na dawa zilizoushinda mtambo. Si kwenye pipa la nyumbani.

Nyumbani, jua linatosha bila unga kwa vijidudu: chupa ya plastiki isiyo na rangi, maji maangavu, saa 6 juani, au siku mbili kukiwa na mawingu. Utafiti kwa watoto wa Kimasai Kajiado, Kenya, uliochapishwa mwaka 1996, ulionesha kuharisha kulipungua. Sabuni na viuadudu, chupa haiviondoi.

Mzee tulimjibu: maji hayo yakipimwa maabara yakaonekana yamerudi katika asili yake, tawadhieni. Kabla ya hapo mwagilieni miti isiyo ya chakula, mbali na kisima, na mwenye hoteli ndiye alipe gharama ya kupima. Wallahu a'lam.